Nimepata Chuo kwa Malengo ya Mke Wangu

Anti Nasra, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana haya sijamwambia hata mchungaji wangu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mtumishi wa wizara moja hapa Dodoma, naishi Area D, na majina yote humu nimeyabadili. Mke wangu, tumwite Hana, ni bibi shamba katika kata moja huko Kibaigwa, siku za kazi anakaa hukohuko na mtoto wetu wa miaka mitatu, Ijumaa wanarudi nyumbani.

Mwaka huu wote wawili tulitaka kuomba kusoma shahada ya uzamili, lakini kwa sababu ya mtoto tukakubaliana mmoja atangulie, na Hana mwenyewe ndiye aliyesema, "Nenda wewe baba Ima, mimi nitafuata mtoto akianza shule," basi nikajaza fomu mpaka nikafika pale wanapotaka ukurasa mmoja wa malengo yako binafsi na ya kitaaluma, nikahangaika wiki nzima, nikaandika kwamba nataka kupanua wigo wa maarifa, kuongeza ufanisi na kulitumikia taifa, nikampa Fredy wa ofisini asome, akacheka mpaka akavua miwani, akaniuliza, "Hii ni barua ya chuo au risala kwa mgeni rasmi?"

Anti, Jumamosi hiyo nikawa natafuta kalamu kwenye mkoba wa Hana, nikakuta daftari ambalo amekuwa akiliandika miaka mitatu, kwamba kwa nini wakulima wake wanawauzia madalali mahindi yote wakati wa mavuno halafu Januari wananunua mahindi hayohayo kwa bei mara mbili, na nani ndani ya nyumba anaamua gunia liuzwe, na habari za mama mmoja, Paulina, aliyefungia mahindi yake kwa kufuli ili mumewe asiyauze, na mwisho kabisa ameandika, "Nikisoma, nataka kulijua hili, na nirudi na jibu hapahapa." Nikanakili. Nilichobadili ni kimoja tu, aliposema "mimi bibi shamba" nikaweka "mimi mtafiti".

Nikapata. Ofisini wakaanza kuniita Dokta na sikuwakataza, Hana akapika pilau, akawaalika ndugu zake, akasimama kuniombea mbele yao. Halafu mwalimu atakayenisimamia, Dkt. Dorkasi, akaniita, akasema barua yangu ilimfanya asahau chai yake ikapoa, akaniuliza, "Huyu Paulina, ufunguo wa hilo kufuli anauficha wapi?" Nikajibu, "Benki." Akanitazama sana, akasema nimpelekee kurasa mbili kuhusu mama huyo kabla masomo hayajaanza.

Ijumaa iliyopita tukiwa mezani nikamuuliza Hana kijanja, "Hivi watu kama yule Paulina wenu, funguo za stoo wanaficha wapi?" Akaweka kijiko chini. "Paulina umemjulia wapi?" Nikasema, si uliwahi kunitajia. Akasema, "Sijawahi." Jumatatu aliondoka na mtoto, na daftari nikalikuta juu ya mto wangu, limefunguliwa ukurasa uleule. Simu anapokea, lakini anaongea habari za mtoto tu.

Masomo yanaanza wiki tatu zijazo. Nisaidie mawili: nimwambie nini Hana, na uniandikie malengo mapya yaliyo yangu mwenyewe, ila yafanane kidogo na yale ya kwanza ili mwalimu asishtuke.

Mwenye Mashaka, Area D

*

Marahaba, Mwenye Mashaka. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kwa hiyo zamu ya kukutukana imefika.

Mwenzio alikupisha mlangoni, wewe ukamvua na viatu ukaingia navyo. Na hata kuvivaa hujui. Benki! Mwanamke anayemficha mumewe ufunguo akapange foleni benki, kitambulisho mkononi, kila anapotaka debe la kusaga? Umri wote huo unakula ugali, hujawahi kujiuliza mahindi yalilala wapi.

Halafu unaniomba nikuandikie malengo "yaliyo yangu mwenyewe". Hebu isome tena hiyo sentensi yako polepole. Umemaliza ya mkeo, sasa unataka ya kwangu. Nami nikiisha utakwenda kwa nani, kwa balozi wa nyumba kumi? Lengo la kweli humsumbua mtu akiwa kwenye shughuli nyingine kabisa. La Hana lilimfuata mashambani juani miaka mitatu. La kwako umelitaja bila kujijua: walikuita Dokta, ukanyamaza ukafurahi. Basi umeshalipata, tena kabla ya kusoma. Na hiyo shahada unayoiendea, baba, haimfanyi mtu kuwa dokta.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Kutojua unachotaka si dhambi. Katika mji huu kila meza ya ofisi ina mtu anayesoma, na anayebaki anajiona kama gari bovu lililoachwa gereji. Aibu hiyo naijua. Mimi nilikwenda chuo kwa sababu dada yangu alikwenda, nikaacha muhula wa pili. Lakini ile iliniuma peke yangu. Hii yako umemtwisha mtu aliyesimama kukuombea mbele ya ndugu zake.

Daftari halikusahauliwa pale. Hana anajua, na amekuachia useme mwenyewe. Kila siku unayopiga simu kuulizia mafua ya mtoto, unazidi kumthibitishia kwamba hutasema.

Sasa fanya hivi. Kesho omba ruhusa, panda basi la Kibaigwa ukiwa na daftari mkononi, umwambie, "Niliiba." Si "niliazima". Wala si "shetani alinipitia". Shetani hajazi fomu za chuo. Kisha funga mdomo umsikilize, hata akihamia lugha ya Kigogo ukaachwa njiani. Akikwambia uondoke, ondoka. Asipokwambia, mchukue mtoto, umsubiri amalize kazi yake.

Wiki hiyohiyo nenda kwa Dkt. Dorkasi, mwambie ukweli huohuo, na uiache nafasi kwa maandishi. Ndiyo, uiache. Usimwombe amhamishie mkeo, hicho si kiti cha basi. Hana akiridhia, mtaje kuwa ndiye mwandishi. Akitaka kuomba mwakani, ataomba kwa jina lake, nawe utakaa na mtoto Area D Jumatatu hadi Ijumaa, uji na nepi za usiku juu yako, bila kungoja aanze shule. Na Paulina naye utamwomba radhi, umeitangaza ndoa yake kwa watu asiowajua.

Malengo mapya mwaka huu usiandike hata moja. Fanya kazi uliyonayo. Faili lolote likikuuliza swali usiloweza kulijibu, hapo ndipo uchukue kalamu. Yakikaa kimya yote, baki kazini kwa amani. Si lazima kila mtu arudi darasani.

Ila safari ya Kibaigwa usiiahirishe. Mvua za kwanza zi karibu, na zikishuka bibi shamba hana muda wa kumsikiliza mume anayejieleza. Nenda nchi ikiwa bado kavu.

Anti Nasra