Mlio wa Pikipiki ya Sindano

Jumatatu, 4 Julai 1966. Migori

Nimechemsha sindano, nimefunga sanduku, nimetoka saa moja asubuhi. Pikipiki haina amani tangu Ijumaa, siku niliyofungua kabureta na kuiosha. Nikiachia mkono wa mafuta, injini haitulii. Inanguruma tu, kama bado nimeshika mafuta. Kwenye mteremko ilinivuta mpaka nikaogopa. Nimekaza skurubu, nimelegeza skurubu. Wapi.

Kituo cha kwanza, watu wawili. Cha pili, hakuna mtu. Cha tatu, pale kwenye kinu cha kusaga mahindi, hata Mama Auma hakuja. Yeye hakosi. Zimebaki sindano tisa tu amalize dawa ya kifua kikuu. Watu hawa hawana saa ya ukutani. Wakisikia pikipiki yangu kilimani, hutoka nyumbani wakanisubiri barabarani. Leo milango ilikuwa imefungwa. Nimekaa pale saa nzima kama mtu aliyekosea njia.

Jumanne, 5 Julai

Zahanati. Vidonda, masikio, minyoo. Hakuna aliyeniuliza habari zangu ila mfagizi, naye aliuliza huku anaondoka.

Jioni nimekagua waya wa mafuta, ule unaotoka mkononi. Unateleza vizuri, haunasi popote. Nimebadilisha plagi. Hakuna tofauti.

Nimepika wali. Miaka miwili hapa na Kijaluo changu hakijavuka salamu. Mtu wa Takaungu, kule pwani, anatafuta nini Migori? Serikali imenileta, ndiyo jibu. Halinisaidii saa za chakula.

Alhamisi, 7 Julai

Njia nzima wagonjwa wanne, na wote ni wale wasioweza kukimbia. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona wengine wakikimbia. Karibu na kinu mwanamke aliingia kwenye mtama mbio, chungu kichwani. Nilimpungia mkono. Hakugeuka.

Mama Auma hakuja tena.

Wamenichoka. Sijui nimewakosea nini. Labda sindano ya mtu imevimba, labda kuna maneno yanasemwa. Hapa mgeni huwa wa mwisho kuambiwa.

Huyu mama ni mjane, ana umri wa kunizaa, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Lakini yeye pekee hunivutia kigoda baada ya sindano. Hunipa samaki. Hunicheka: "Daktari, wewe unakulanga mchele kila siku kama ndege. Nani atakubali kukuolewa?" Mimi si daktari, ni dresa tu, wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, nimemwambia mara ngapi. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ninazozungumza na mtu. Leo sikuzungumza na mtu.

Jumamosi, 9 Julai

Nimefungua kabureta tena, nimetazama kila tundu. Safi kabisa. Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ikaunguruma vilevile. Nimeipiga teke, nimeumia kidole. Mjinga.

Jumatatu, 11 Julai

Injini ilichemka, ikazima kabla ya kufika juu ya kilima. Nikaisukuma, kisha nikaiacha iteremke yenyewe mpaka kwenye kinu, kimya. Ndipo nikawakuta. Wanawake wamejaa, wanapepeta, wanacheka. Waliponiona waliweka nyungo chini.

Wifi yake Mama Auma akaja, mikono imejaa unga. "Kumbe ni wewe? Sisi tulijua ni piki ya yule askari wa chang'aa. Yake ndiyo inalia hivyo."

Karibu kila nyumba hapa inapika chang'aa, ile pombe kali ya marufuku. Mama Auma anapika, najua, na sijawahi kumuuliza. Mjane atakula nini? Basi kila nilipotokea kilimani na ule mngurumo wangu, walibeba vyungu na kukimbilia shambani. Alhamisi, yule mwenye chungu alikuwa ni yeye. Akaogopa kurudi. Akalala kwenye mtama, umande wote ukamwishia mgongoni. Ijumaa akakohoa damu. Jumamosi kaka yake akaja kumchukua, akampeleka nyumbani kwake, Sindo.

Nilifurahi kwanza. Nataka niandike ukweli: nilifurahi kwamba hawanichukii. Kisha nikafungua sanduku, nikaona kadi yake. Sindano tatu zimepotea.

Jumanne, 12 Julai. Homa Bay

Nimeileta kwa Fundi Opiyo, nyuma ya soko la samaki. Mzee, maneno machache. Hakugusa skurubu hata moja. Aliacha injini ingurume, akachovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka pale kabureta inapoungana na injini. Povu likanyonywa ndani. Mlio ukashuka kidogo, kisha ukapanda tena.

"Daktari, hii inakunywa hewa ya wizi," akasema. "Hewa ikiingia hapo, hata ukiachia mkono haiwezi kutulia."

Akafungua. Gasketi, ile karatasi ya kuziba kiungo, ilikuwa imepasuka katikati. Akaiinua kwa kucha. "Nani alikata hii?"

Mimi. Ile Ijumaa ya kuosha kabureta, ya zamani ilichanika, nikakata nyingine kwa kadibodi ya boksi la pamba. Nilijiona fundi. Na Jumamosi nimeirudisha hiyohiyo kwa mikono yangu, nikaipita kwa macho. Opiyo hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Ameweka gasketi ya kweli. Imetulia mara moja. Sikujua naweza kuona uchungu kwa kusikia injini nzuri.

Nimekwenda hospitalini, nimemweleza daktari mkubwa kila kitu, na kadibodi pia. Amesema mgonjwa aliyekatiza dawa na kukohoa damu hamalizii zile tisa. Anaanza upya, zote thelathini na sita. Amenipa ruhusa niende Sindo.

Jumatano, 13 Julai. Homa Bay

Mvua. Njia ya Sindo haipitiki. Nimelala kwa mwenye duka mmoja, mtu wa Lamu. Niliposikia Kiswahili cha nyumbani machozi yalinilengalenga. Dakika kumi. Kisha akaanza habari za sukari, hakuacha tena.

Alhamisi, 14 Julai. Sindo

Nimefika saa nne. Watoto walikuja karibu na pikipiki, hakuna aliyekimbia.

Mama Auma yuko kwenye mkeka, nyuma ya nyumba ya kaka yake. Amekonda kwa wiki mbili hizi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nikamwambia tu: kadibodi ilikuwa yangu, kosa ni langu, na sasa inabidi aanze mwanzo.

"Kwa hivyo mimi nilikimbia wewe?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nami nikamshikilia mgongo. Kilipopita alinyoosha mkono kwa sindano.

Kaka yake atamrudisha Migori Jumapili kwa basi. Nimechukua kadi mpya, nimeandika jina lake, nimeandika moja.

Hakuna anayesoma daftari hili, kwa hiyo naandika. Amekohoa damu kwa sababu yangu. Ana miezi minne ya maumivu ambayo hakustahili. Na nilipokuwa naandika ile moja, nilifurahi. Zilikuwa zimebaki tisa, angepona, angeacha kuja barabarani. Sasa nitakuwa na mtu wa kuzungumza naye mpaka Novemba.