Fremu ya Mguu Wangu

Msambweni, Jumatatu

Mama yangu, shikamoo.

Najua uliningoja tangu Ijumaa. Fremu ya baiskeli niliyoiagiza kwa barua nikaifuata huku, ya kuchezea polo, ule mchezo wa kupiga mpira ukiwa juu ya baiskeli, fundi Salimu alikataa kuniuzia. Nilipoijaribu, imefungwa magurudumu, niliinama kuupiga mpira kwa gongo, nikaanguka. Hakucheka. Akaipima miguu yangu kwa uzi, mmoja mmoja.

"Mbona hukuniandikia kwamba wa kushoto ni mfupi?"

"Niliona haya."

"Basi kaa, nikuundie yako."

Siku nne nimelala kwake, mkewe akinilisha wali na mchuzi wa papa. Fremu yangu ni ya chini, na kanyagio la kushoto limeinuliwa kwa kipande cha mti. Leo nimeupiga mpira mara tisa bila kuanguka, machozi yakanitoka mbele za watu. Mungu akuweke, mama, uje unione nikicheza.

Mwanao,
Juma