Sukari ya Mzee Chilumba

Jumapili, Novemba 1981

Aibu! Hata sasa nikikumbuka, masikio yanapata moto.

Tangu nifike chuoni hapa kutoka Ndola nimejipa kazi moja ya Jumapili: kuonja chai ya asubuhi ya kila mgahawa wa Mtwara. Mtaa wa Chikongola nimeumaliza; kule chai huletwa imeshatiwa sukari. Leo ilikuwa zamu ya mtaa wa Ufukoni, mgahawani kwa Bi Somoe, na vitumbua vyake vimeshinda vyote.

Niliketi meza moja na Mzee Chilumba, kuli wa bandarini. Mbele yetu palikuwa na kikopo cha sukari. Nikachota vijiko vitatu, kama nyumbani. Meza nzima ikanikodolea macho.

"Mwanangu," Bi Somoe akaniambia taratibu, "siku hizi sukari imeadimika, hapa kwangu kila mtu anakuja na yake. Hiyo ya mzee."

Nikataka kuirudisha, lakini ilishayeyuka. Mzee akachungulia kikopo kitupu, akacheka.

"Kunywa tu, mgeni. Mimi chai naipenda hivi hivi."

Mwongo mkubwa! Kila funda alikunja uso kama anayemeza kwinini.

Sandukuni mwangu imo pakiti ya sukari aliyonifungia mama. Miezi miwili sasa namficha hata mwenzangu wa chumbani. Ni uchoyo, najua.

Naogopa kidogo kurudi pale, watanicheka. Wacheke. Kesho kabla ya vipindi nitakijaza kile kikopo mpaka kifuniko kigome kufunga, halafu nitakaa nimtazame mzee akinywa chai anayoipenda kweli.