Shamba Nililolinywa

Yoba, Gitega

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na mvua hizi? Dawa niliyompa dereva wa lori ilikufikia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenihama. Ninaandika kwa sababu kwenye simu uliniambia neno moja ukakata, na tangu hapo nikipiga anapokea Dada Leokadia na kusema umelala. Mama, nani analala saa nne asubuhi msimu wa kupalilia?

Huku mafuta ya magari bado ni shida. Pikipiki zimesimama, bei za vitu hazishikiki, na sare za shule hazina wanunuzi. Fundi Hamisi, mwenye duka ninaloshonea, ananiacha nilale chumba cha uani kwa huruma yake tu. Unakumbuka nilivyompata: nilishuka hapa na begi, simjui mtu, nikaona watu wanacheza bao barazani kwake, huku wanaliita urubugu, nikaomba nafasi. Jioni ile nilikuwa na kazi. Ulikuwa ukinicheka kwamba urithi wangu kwa marehemu Baba ni vile vishimo vya bao alivyonichimbia mbele ya kibanda chetu kambini, Tanzania. Lakini ni urithi ulionipa watu. Daktari wa mifugo amenifundisha kumtambua ng'ombe mgonjwa, mpishi wa msikitini amenionyesha pilau inavyotiwa viungo, na Kirundi changu chote nimekiokota kwenye bao. Nikisikia kete zinagongana, miguu inakwenda yenyewe. Niliamini kwamba mtu nikishacheza naye hawezi tena kuwa adui yangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana umeisikia kwa watu tu. Nilipokuja kukuona wakati wa kupanda maharage, nilimkuta Mathiasi njia panda ya Giteranyi akicheza na wenzake. Nilijua ndiye anayelima shamba la juu la Baba tangu tulipokuwa ukimbizini, na kwamba umeshapeleka shauri kwa wazee wa mlima wetu waliamue. Nikajiambia, huyu nikicheza naye atalainika. Tukacheza mpaka jua likapungua. Alinisifu mkono wangu, akasema Baba naye alikuwa hivyo hivyo, akanikaribisha kwake. Wazee wawili wa mlima walikuwa wameshaketi, mtungi wa pombe ya ndizi katikati. Mathiasi akasema mtaro ndio mpaka, juu kwake, chini kwetu, tuishi kama majirani. Nilidhani ni maongezi ya mtu aliyefurahi. Akaniuliza kama nitakunywa. Nikavuta mrija, Mama, tena nikausifu utamu wake.

Kule tulikokulia pombe ni pombe. Sikujua kwamba hapa ukinywa mbele ya wazee waliosikia maneno, umeyakubali, na shauri limekufa. Nilipomsimulia Fundi Hamisi aliweka mkasi chini.

"Mi sijaonja pombe tangu nizaliwe," akasema, "na hata mi najua iyo."

Halafu ukapiga wewe, baada ya wazee kukukatalia. "Umelinywa shamba la baba yako." Sina la kubisha.

Dada hajui hili, wala wewe: nilirudi. Niliazima baiskeli, nikalala njiani Muyinga, nikafika kwa Mathiasi bila kupita nyumbani, kwa aibu. Nilimpigia magoti. Hakunifukuza, wala hakunicheka. Laiti angenicheka.

"Mi sikukudanganya, mwana wa Petero," akaniambia. "Nilikuuliza mbele ya bagabo, bale wazee babili, we ukakunywa. Iyo mambo iko imeisha. Na mi nikitoka hapa, batoto yangu natwala wapi?"

Kisha akavuta ubao, akapanga kete. Nikaketi, Mama. Sikuketi kwa kumwogopa wala kwa kutaka kumbembeleza. Mikono ilitaka kucheza, na hilo linaniuma kuliko ile pombe. Kutoka uani kwake nilikuona ng'ambo ya mtaro, umeinama kwenye kile kipande cha mihogo kilichobaki, unapalilia, unasimama, unashika kifua. Sikukuita. Niliona haya kuonwa pale nilipokuwa.

Karani mmoja ninayecheza naye ameniambia mahakama inaweza kulisikiliza shauri, lakini wale wazee wataitwa, na watasema walichokiona. Usiweke tumaini lako huko. Kila nikipata kazi nitatuma cha mbegu, na hicho kipande cha chini kisilale.

Dada Leokadia mpe pole kwa kusema uongo kwa ajili yako, na umbusie wanawe. Mjomba Yakobo msalimu sana, umwambie asiende kugombana na mtu kwa ajili yangu, mgongo wake hauwezi tena hayo. Mama mchungaji mwambie naomba sala zake.

Na Mathiasi, akikusalimu asubuhi kutoka ng'ambo ya mtaro, umwitikie. Najua ninachokuomba, na najua sina haki ya kukiomba. Lakini kifua kikikubana, mimi niko Gitega na Mjomba hawezi kubeba. Watakaoitwa kukuchukua kwa machela mpaka zahanati ni yeye na wanawe.

Ni mimi mwanao,
Yohana