Nani wa Mwisho Kushuka Korongo la Ndama

Jumapili, 14 Aprili

Leo Askofu kaniita ofisini kwake baada ya ibada. Kwetu askofu halipwi mshahara; huyu wetu anauza matairi wiki nzima, Jumapili anavaa tai. Nikadhani ni ile habari ya mbwa wangu na kuku wa jirani. Siyo. Kasema, Ndugu Verl, nimesali na jina lako likaja. Wako watu humu kanisani wamezaliwa hapa Harker, wanazeekea hapa, na makorongo wanayaona kwenye dirisha la gari tu. Anataka niwapeleke. Wasiojua chochote. Watembee, washuke kwa kamba, warudi wazima.

Kanipa kazi hiyo iwe mwito, yaani wajibu wa kanisa. Kwetu mwito ukitolewa haukataliwi. Kununa unaweza, kukataa hapana. Mimi wala sikununa. Nilimwambia umechelewa miaka thelathini, lakini umempata mtu mwenyewe.

Na ndiyo ukweli. Korongo la Ndama nililifungua mimi, hakuna aliyelishuka kabla. Nilikuwa kijana, ndama akatumbukia, baba akaniteremsha kwa kamba ya kufungia ng'ombe nikamtoe. Nikamtoa. Siku hizi watu wana vyeti vya kushuka makorongo. Mimi nina ndama.

Jumanne, 16 Aprili

Kupanga safari na Janeal. Binti yangu. Anaishi kwa kuongoza watalii makorongoni, na yote anayoyajua kayatoa kwangu, hata akisema mengine kajifunza mwenyewe.

Katandika ramani juu ya meza ya jikoni, nikahamisha sahani yangu. Tumekubaliana Korongo la Ndama. Ni la upole, linafaa wageni. Miteremko mitatu tu ya kamba, halafu mchanga mpaka kwenye magari. Miwili ya kwanza ina pete za chuma mwambani za kufungia kamba. Wa tatu una gogo langu. Limekwama kati ya kuta mbili, nene kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kamba nafunga hapo tangu ujana.

Janeal anataka mtu aende kulitazama kwanza. Mafuriko ya mwaka jana yalikuwa makubwa, anasema. Nikamwambia gogo lile litatuzika wote wawili. Kasema, hilo ndilo ninaloliogopa, Baba. Mdomo huo ni wa mama yake.

Halafu kauliza, nani wa mwisho?

Swali gani hilo. Wa mwisho ndiye anayebaki juu peke yake wenzake wote wakishashuka. Anakagua fundo, anashuka, anavuta kamba ije chini, na kamba ikishavutwa hakuna kurudi nyuma. Ni nafasi ya bwana mkubwa. Ni yangu. Sijawahi kuacha mtu nyuma yangu, wala sijawahi kupokewa na mtu chini.

Kasema, wa mwisho nitakuwa mimi.

Nikamwambia supu yake inapoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mazoezi bandani kwangu, pale pa nyasi kavu. Wamekuja wote. Namba moja kwa ukubwa ni Garth, mwoka mikate, mikanda ya kushukia ilibidi tuiunganishe miwili. Namba moja kwa woga ni Dada Ruthanne, mjane, mpiga kinanda wetu. Huyu hata ngazi ya kufungia mapazia hapandi, anampigia simu mwanawe aje.

Nimewafundisha kuegemea nyuma, kukaa kama mtu anayekaa kitini, na mkono wa chini usiachie kamba hata nyuki akuingie puani. Garth kauliza, na akiingia kweli? Nikamwambia, mwache atembee, utamtoa ukifika chini.

Dada Ruthanne kapanda marobota mawili ya nyasi, kashuka, kapanda tena. Kauliza watu wataleta chakula gani, yeye kafikiria viazi vya jibini, vile tunavyokula tukitoka kuzika. Nikamwambia hakuna aliyekufa bado. Akasema, ndiyo maana nauliza mapema.

Kurusha kamba juu ya boriti nilikosa mara mbili. Nikasema ni upepo. Tulikuwa ndani ya banda.

Jumapili, 21 Aprili

Siku mbaya.

Askofu kasimama mimbarini kutangaza safari. Kasema Dada Janeal ameitwa kumsaidia baba yake, wanaomuunga mkono waonyeshe kwa kunyoosha mkono wa kulia. Kanisa zima likanyoosha. Mimi baba yake, kiti cha mbele. Nikainua wa kulia. Ukafika sikioni ukagoma. Ukakaa hapo kama mtu anayejikuna. Basi nikanyoosha wa kushoto.

Wa kushoto! Hata watoto wadogo hawafanyi hivyo. Nilisikia shingo za nyuma zikigeuka.

Kwenye gari Janeal hakuwasha injini. Kasema, tangu lini? Nikasema, lini nini. Kasema, bega, Baba. Nikasema tangu nilipoteleza kwenye barafu ya Januari, pale langoni, na halinisumbui. Kasema, hebu gusa paa la gari. Nikamwambia sikuja kanisani kugusa mapaa.

Jumanne, 23 Aprili

Janeal ni nyoka. Nampenda, lakini ni nyoka.

Jioni Askofu kaja na grisi yake mikononi. Hataki kukaa. Kasema, Ndugu Verl, ninao mwito mwingine kwa ajili yako. Siku ya safari utembee katikati, karibu na Dada Ruthanne, umtie moyo. Wa mwisho ni Janeal.

Nikamuuliza, hilo nalo ulisali jina langu likaja? Kasema, kwa hilo alikuja binti yako. Ila nilisali pia.

Mwito haukataliwi.

Nilinuna.

Alhamisi, 2 Mei

Safari keshokutwa. Bado nanuna, lakini kazi naifanya. Kamba nimezipitisha zote kiganjani, inchi kwa inchi. Moja ina mahali laini, nimeikata iwe ya mbuzi. Maji, galoni kwa kila mtu. Mbingu safi mpaka mlimani, na huko ndiko pa kutazama, maana mvua ikinyesha mlimani huku chini huioni, unakutana na maji tu. Kofia ngumu zimetosha. Ya Garth imekaa kichwani kama kifuniko cha chupa.

Hakuna mtu Harker angepanga vizuri kuliko hivi. Janeal mwenyewe kasema. Kasema "si mbaya, Baba," lakini mimi namjua.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nikiwa korongoni. Daftari nililitia mfukoni mwa shati pamoja na penseli, sijui kwa nini. Nina muda kidogo.

Mteremko wa kwanza, safi. Askofu kasali kabla, sala ndefu, nikafikiri jua litatuzidi. Wote wakashuka. Garth katua kakaa chini akacheka peke yake.

Wa pili Dada Ruthanne kaganda. Kisigino kiko ukingoni, uso mweupe kama unga wa Garth. Kasema, Ndugu Verl, siwezi kushuka bila kuona ninapokanyaga. Nikamwambia, dada, kila Jumapili unakanyaga vile vibao vya chini vya kinanda, lini umeviangalia? Miguu yako inajua kutafuta yenyewe. Halafu kaanza kuimba kwa pua, na miguu ikaanza kushuka, mmoja, wa pili, kama yuko ibadani. Kafika chini kauliza kama anaweza kurudia. Nimeona mambo mengi katika makorongo haya. Hilo naliweka juu.

Tukavuta kamba. Tukaja kwenye mteremko wa tatu.

Gogo hakuna.

Kuta tupu, zimesuguliwa. Hata alama haipo. Hakuna pete, hakuna jiwe la kufungia. Kwenda chini ni kimo cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake. Nyuma kumefungwa.

Nilingoja Janeal aseme, si nilikwambia. Afadhali angesema.

Basi nikasema mimi. Pasipo na gogo, mtu ndiye gogo. Anakaa chini, miguu anaikita ukutani, kamba kiunoni, wenzake wanashuka kwa uzito wake. Hiyo ni kazi ya matako na mapaja, bega halina shauri. Na wajuzi tuko wawili tu. Mmoja awe juu, mmoja awe chini wa kuwapokea. Wa kupokea anahitaji mikono mizima.

Janeal kasema, Baba, mwito wako ni katikati. Nikasema, mwito haukujua kwamba gogo limeondoka. Kamtazama Askofu. Askofu katazama viatu vyake.

Janeal akashuka. Kabla kichwa hakijapotea kasema, usiruke. Umenisikia, mzee? Usithubutu kuruka.

Wengine wakafuata kwenye kiuno changu. Dada Ruthanne mwepesi, sikumsikia. Askofu nilimsikia. Garth nimemsikia mpaka kwenye meno. Sikusogea hata kidole. Karibu miaka themanini, na gogo lile la mti halikuvumilia kama mimi!

Sasa niko peke yangu juu. Wa mwisho. Nafasi yangu imenirudia yenyewe.

Ila wa mwisho hana wa kumshikia kamba. Zamani nilikuwa naning'inia kwa mikono na kujiachia. Nilidondoka kama paka. Leo nimejaribu kuinua mkono. Sikioni, ukagoma.

Janeal anaita. Nimemwambia nafunga viatu.

Garth kaegemea ukuta chini yangu, kasema nikalie ukingo niteleze, nitakanyaga mabegani kwake, wengine wataniteremsha. Nikamwambia sijawahi kupokewa. Garth kasema, na mimi sijawahi kuwa ngazi, twende hivyo hivyo.

Nimefunga viatu vyote viwili. Janeal anasema viatu vyangu havina kamba, leo nimevaa vya kuvuta.

Sasa Askofu kasema kitu. Sauti yake ile ya mimbarini, inapiga kuta na kurudi. Wanaomuunga mkono Ndugu Verl waonyeshe kwa kunyoosha.

Nimechungulia. Wamenyoosha wote. Janeal, Garth, Dada Ruthanne kasimama kwa ncha za vidole vya miguu, hata wale ambao majina yao bado nayachanganya. Mikono yote miwili, vidole wazi, wananitazama mimi. Hakuna anayecheka. Ni watu wangu hawa. Wiki tatu zilizopita walikuwa hawajui kamba ina ncha ngapi.

Mikono itawachoka.

Hawashushi.

Naitia penseli mfukoni, nakalia ukingo.