Mababu wa Bwana Uliowajua kwa Moyo

Kwako baba,

Barua hii si ya kukulilia. Nilikulilia vya kutosha tulipokuzika Sirisia. Leo nina hasira.

Unakumbuka ile Jumapili nilipofika Kitale kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi? Nilitoka Malakisi kwa kina Nekesa, kuposa. Baba yake aliuliza swali moja tu: "Mama ya baba yako alizaliwa ukoo gani?" Nikasema nitakuja kukuuliza. Akasema hatoi binti bila kujua, tusije tukaoana ndugu.

Nilikukuta jikoni kwa yule Mskoti uliyempikia tangu sijazaliwa. "Si ungoje kwanza," ukasema, "Bwana ako na wageni." Mara akakuita. Ukasimama na kanzu yako nyeupe, ukaanza kuwataja mababu zake kama alivyokufundisha, wageni wakishika mbavu kwa kicheko. Wa kwanza aliuawa vitani ubavuni mwa mfalme. Mwanawe alinyweshwa sumu na ndugu yake. Mjukuu alikatwa kichwa hadharani na ardhi yake ikatwaliwa. Aliyefuata alifia gerezani, macho yamepofuka. Vizazi tisa, hukukosea hata kimoja. Bwana akapiga makofi: "Mpishi wangu anawajua kunishinda!"

Uliporudi nikakuuliza habari za mama yako. Ukaendelea kufuta sahani. "Hayo nilisahau, bana. Nilitoka nyumbani nikiwa mdogo."

Baba! Makabaila wa Uskoti uliwajua mpaka shoka lililowaua, na mwanamke aliyekuzaa ukamsahau?

Nekesa aliolewa huko Ndalu baada ya mavuno. Mimi niliuza baiskeli, sikutaka tena kuiona njia ile.

Siku ya mazishi yako alikuja bibi kizee mmoja, binamu yako, ambaye hukuwahi kunitajia. Nikamuuliza swali lilelile. Akajibu papo hapo: ukoo wa Babuya. Hauna undugu wowote na kina Nekesa. Hapakuwa na mwiko, baba. Palikosekana neno moja, nawe hukujisumbua kwenda kuliuliza.

Anasema mama yako alikufa hujaota meno yote. Sikujua. Labda ndiyo sababu hukutaka kumtaja. Lakini mimi ningekuelewa, ungeniambia.

Aliitwa Nasimiyu. Ukimwona huko, mwombe yeye msamaha kwanza. Mimi bado sijakusamehe.

Ni mimi, kifungua mimba wako.