Bibi Kizee Mwenye Kuni

Arielle,

Sombe iko kwenye friji. Ipashe moto, usiile baridi kama jana. Nguo zimebaki kwenye mashine, zianike. Niko kazini Kista mpaka jioni.

~~Ile filamu ya Wajapani msiiangalie bila mimi.~~ Iangalieni tu.

Asubuhi, ukipaka mkate siagi, ulisema kwamba kwenye ile michezo yao, ambayo anayeshindwa anauawa, mimi ningekufa wa kwanza, kwa sababu hata kadi ya metro hunishinda. Wewe ni mtoto. Lakini papa yako alicheka mpaka akamwaga chai, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi ujue. Tulipokimbia vita kule Sake ulikuwa mgongoni mwangu. Kwenye kizuizi askari walikuwa wanawatoa wanaume mstarini, na waliotolewa hatukuwaona tena. Mmoja akaniuliza, "Mume wako yuko wapi?"

Nikamjibu, "Alitoroka na mdogo wangu. Mkimkamata, mpigeni na kofi langu."

Wakacheka sana, wakatuachia njia: mimi, wewe, na bibi kizee aliyekuwa nyuma yetu, kuni kichwani, amejitanda kitenge changu mpaka machoni.

Bibi kizee huyo ni papa yako. Miaka yote hii hajakusimulia. Muulize alivyokuwa anatembea.

Papa Arielle, kama umeisoma wewe kwanza, usiichane. Nimeshaipiga picha nikamtumia dada yako Emérithe.

Mama